Mwenye Mlango Ndiye Anayeonekana: Barua ya Wazi kutoka Mwanza

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Waziri wa Fedha, Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, Mkurugenzi wa Jiji la Mwanza, pamoja na wakuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA), Shirika la Viwango (TBS), Tume ya Ushindani (FCC) na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

YAH: UUZAJI WA VIFAA VYA ELEKTRONIKI MTANDAONI NA HALI YA MADUKA MADOGO KANDA YA ZIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza na nisichokiomba, ili nisiwapotezee muda. Siombi mfunge programu yoyote ya kununulia bidhaa. Siombi mkamate vijana wanaouza simu kupitia Instagram. Siombi msamaha wa kodi. Watoto wangu wenyewe wananunua viatu mtandaoni, na mimi mzigo wangu mwingine naagiza Kariakoo kwa picha za WhatsApp bila kupanda basi. Biashara imeshahamia huko na hairudi nyuma.

Ninachoomba ni kwamba yeyote anayemuuzia mtu wa Mwanza televisheni, awe amekaa Makoroboi hapa mjini, Kariakoo au Guangzhou huko China, ajulikane ni nani, alipe kinachomhusu, na awajibike kitu kikiharibika. Leo hii anayebanwa kuyatimiza yote hayo ni mwenye mlango peke yake. Si kwamba sisi ni waadilifu kuliko wengine. Ni kwamba mlango unaonekana, na afisa akitumwa kukusanya chochote anaanza na anachokiona.

Duka langu lipo katikati ya jiji, Nyamagana, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Makoroboi. Nauza televisheni, redio, sabufa, feni, pasi, ving'amuzi, rimoti, chaja, sola ndogondogo, betri, na taa za wavuvi. Nyuma ya kaunta kuna meza ya fundi. Meza hiyo nitairudia, maana ushahidi wangu mwingi uko pale.

Njia ya bidhaa hizi ilikuwa inajulikana. Mzigo unashuka bandarini Dar es Salaam, unaingia maghala ya Kariakoo, unapanda lori zaidi ya kilomita 1,100 hadi hapa, na kutoka hapa unasambaa: Sengerema na Geita kwa kivuko, Nansio kisiwani Ukerewe kwa meli, Magu, Misungwi, Kwimba kwa gari, hadi Bukoba. Mwenye duka wa Ukerewe alikuja Mwanza na orodha yake kwenye karatasi ya daftari, akalala usiku mmoja, akarudi na mzigo. Sisi wa katikati tuliishi kwa kile kidogo kilichobaki kati ya bei ya Dar na bei ya kisiwani. Wapo waliotuita wanyonyaji. Ila katika kile kidogo kulikuwa na usafiri, na waranti, na mkopo wa mwezi mmoja, na kupokea rimoti mbovu bila maneno mengi.

Sasa mwenye duka wa Nansio ana simu, na mteja wake naye ana simu.

Wauzaji wa mtandaoni wako wa namna nyingi, na ningeomba msiwaweke kapu moja, kwa sababu dawa yao si moja. Kuna kijana wa hapahapa, anakaa Buswelu au Buhongwa, mzigo wake uko sebuleni kwao. Anapiga picha, anaweka bei, bodaboda anapeleka. Huyu simlaumu. Mmoja wao alikuwa msaidizi wangu dukani. Aliondoka kwa heri, na mpaka leo akipungukiwa kitu anakuja kuchukua kwangu, anaweka elfu kumi yake juu na kumpelekea mteja. Tunaelewana. Huyo ukimwekea utaratibu mwepesi wa kujisajili na kulipa kidogo akiwa hukohuko sebuleni, atajisajili. Ukimwendea na mgambo, atabadilisha namba.

Kuna wa Kariakoo, na hapa wengi ni mawinga: hana mzigo, hana duka, ana simu na mdomo mzuri. Anapiga picha dukani kwa mtu, anaiposti kama yake, na mteja wa Mwanza akishatuma pesa ndipo yeye anakwenda kununua. Akiwa mwaminifu, mzigo unafika stendi ya Nyegezi kesho yake. Asipokuwa mwaminifu, namba haipatikani, ukurasa unabadilishwa jina, na wiki inayofuata anauza majokofu.

Halafu kuna programu za nje. Kule huongei na mtu. Unabonyeza, unalipa, unasubiri, siku moja unapigiwa simu ukachukue kifurushi chako. Bei zao siwezi kuzifikia hata nikiuza bila faida. Nimeshaona chaja ikiuzwa rejareja kwa bei iliyo chini ya ile niliyonunulia mimi kwa jumla, na bado wameandika usafirishaji ni bure.

Waheshimiwa, mwishoni mwa Julai 2025 Serikali ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Ndani yake umo uuzaji wa jumla na rejareja ukiacha supamaketi, na umo ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki. Mtaani kwetu wengi walishangilia. Mimi sikushangilia sana. Mgeni aliyekuwa na kaunta Kariakoo alitakiwa awe na leseni na namba ya mlipakodi (TIN), alipanga fremu ya Mtanzania, alihitaji kijana wa Kitanzania wa kumsaidia kuuza, na afisa akitaka kumhoji alijua pa kumkuta. Yule anayemuuzia rejareja mtu wa Igoma kupitia simu hana hata kimoja kati ya hivyo. Agizo limemfungia mlango yule aliyekuwa na mlango. Mwingine linamwachia soko lote, na halimdai hata jina.

Nieleze sasa mlango unagharimu nini, maana nadhani wengi wenu mnazijua tozo zetu moja moja, kila taasisi na ya kwake, lakini hamjawahi kuziona zikiwa zimejipanga kaunta moja.

Fremu ya mjini inalipwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Kabla sijauza hata rimoti, mtaji umeshalala kwa mwenye nyumba. Juu ya pango kuna kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba, mpangaji kazi yake ni kuikata na kuipeleka TRA. Jaribu kumwambia mwenye nyumba wa katikati ya mji kwamba unamkata asilimia 10. Atakujibu kwa upole kabisa kwamba fremu ina watu wengi wanaoiulizia. Kwa hiyo unailipa wewe, na karatasi zinasema amelipa yeye. Kila mfanyabiashara wa mtaa wetu analijua hili, na sidhani kama ni siri huko juu.

Kuna leseni ya biashara. Kuna zimamoto. Kuna mashine ya kutolea risiti (EFD), na karatasi zake, na fundi wake ikigoma. Kuna taka, kuna mlinzi wa usiku. Kuna ushuru wa huduma wa halmashauri, unaohesabiwa kwenye mauzo na si kwenye faida, na hapo ndipo vifaa vya elektroniki vinapoumia kuliko biashara nyingine, kwa sababu vitu vyetu ni ghali na faida yake ni nyembamba.

Chukueni kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Julai 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa kilipanda kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200. Tulishukuru, na nashukuru tena hapa. Lakini milioni 200 kwa mwaka ni kama laki tano na nusu kwa siku. Televisheni moja ya inchi 43 inakaribia kukimaliza kiasi hicho, na ndani yake faida yangu ikifika elfu hamsini naiita siku njema. Muuza vitafunwa mwenye mauzo kama yangu ni mtu mwenye uwezo. Mimi mwenye mauzo hayohayo bado nadaiwa ada ya shule. Nikishasajiliwa, naongeza asilimia 18, na mteja anasimama mbele yangu na simu mkononi akiilinganisha bei hiyo na ya mtu ambaye hana hata TIN. Risiti anaidai kwangu. Kule anatumiwa picha ya muamala.

Tena kabla ya kununua kule anakuja kwanza kushika kwangu. Anaomba niwashe televisheni mbili aone rangi. Anauliza kama inapokea flashi, kama king'amuzi kiko humohumo ndani, kama inastahimili umeme wetu huu wa kuruka. Anapiga picha kile kikaratasi cha nyuma chenye namba ya modeli. Anashukuru kwa adabu, maana watu wa huku hawana makuu. Wiki inayofuata anarudi kununua brakti ya ukutani.

Sasa meza ya fundi.

Fundi wangu ni mtu mkimya, lakini meza yake ina maneno mengi. Kuna pawabenki ambayo kasha lake limeandikwa mAh 50,000. Alipolifungua kwa bisibisi, ndani mlikuwa na betri moja ya simu ya batani, na pembeni yake kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi ili mkononi isikike nzito. Kuna flashi inayojitambulisha kwenye kompyuta kuwa ina terabaiti 1. Ukiweka faili chache inapokea bila tatizo. Ukishapita ule ujazo mdogo iliyonao kweli, inaanza kuandika juu ya vya mwanzo bila kukuambia. Aliyeileta alikuwa mpiga picha wa harusi, na sendofu ya watu ilikuwa imeshafutika nusu. Kuna televisheni zilizouzwa kama inchi 32, ukizipima kwa futi kioo chenyewe, ukiacha fremu, hazifiki.

Hizo ni za mjini. Kinachoniuma zaidi ni taa za dagaa.

Kwa wasiolijua ziwa: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa mwanga. Zamani walitumia karabai za mafuta ya taa, leo wengi wanatumia taa za LED za betri au za sola. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanaoga. Mwezi ukifa wanarudi majini. Kwa hiyo duka langu lina kalenda mbili, ya ukutani na ya angani, na siku za kuelekea giza ndizo siku za kuuza taa, betri, waya na balbu. Mvuvi akikosa taa siku hizo hakosi usiku mmoja. Anakosa giza zima, huku watu wake kambini wanakula.

Mvuvi mmoja kutoka visiwa vya Ukerewe aliniletea taa alizonunua mtandaoni, bei yake karibu nusu ya zangu. Picha ya tangazo ilionyesha taa iko chini ya maji inawaka. Usiku wa kwanza tu wimbi lilizipiga, zikazima zote isipokuwa moja. Fundi aliitikisa moja juu ya meza, maji yakachuruzika kutoka tundu la kuchajia hadi kwenye daftari langu la madeni. Akatafuta skrubu, hakuna. Kasha lilikuwa limegandishwa. Alipolipasua, betri ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na bodi yenyewe imemwagiwa gundi nyeusi. Akaiweka chini, akanitazama. Hakuna cha kutengeneza pale. Ni kitu kilichoundwa kife na kitupwe, na atakayekitupa ni mtu anayeishi kisiwani, kwa hiyo mnajua kitatupwa wapi.

Yule mvuvi alinifokea mimi. Sikumjibu, kwa sababu angemfokea nani mwingine? Kwenye ile programu kulikuwa na kitufe cha kurejesha bidhaa. Bidhaa inarejeshwa China, kwa nauli ya mteja. Mimi nilikuwa mbele yake, nina uso. Mwishowe nilimpa taa nyingine kwa mkopo, alipe mzigo wake ukishafika soko la samaki la Mwaloni na kuuzwa. Ndivyo tunavyofanya biashara huku. Hakuna programu inayokopesha mtu kwa ahadi ya dagaa.

Mtaniambia sheria zipo. Ni kweli zipo, na ndiyo maana barua hii nimewaandikia nyinyi, sikuwaandikia wabunge. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ni ya mwaka 2015. Inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe kwa jina na anwani, na aeleze bidhaa na bei yake kikamilifu kabla mteja hajakubali. Fungueni simu zenu leo, mwangalie kurasa kumi zinazouza televisheni, mhesabu ni ngapi zina anwani. "Tupo Kariakoo, tunatuma mikoa yote" si anwani. Sheria ya Ushindani ni ya 2003, na FCC ikaundwa kwayo kumlinda mlaji. TBS tangu 2012 ina utaratibu wa kukagua bidhaa huko zinakotoka kabla hazijapakiwa. Ni utaratibu mzuri, lakini uliwaza kontena la mwagizaji mmoja mwenye jina. Haukuwaza vifurushi vidogo mia tatu vya watu mia tatu, vimechanganywa kwenye kontena la kuchangia, kila mmoja akilipia ujazo wake.

Hata kodi ni hivyohivyo. Sheria ya Fedha ya 2022 ilianzisha kodi ya asilimia 2 kwa mapato ya watoa huduma za kidijitali wasio wakaazi, na kuwataka wasajiliwe VAT. Nilifurahi nilipoisikia. Lakini inagusa huduma. Chaja, sabufa na televisheni vinavyoingia kupitia programu hizohizo bado vinasubiriwa forodhani kama zamani, na vikipita pale hakuna pengine pa kuvikuta. Mimi mnanikuta kila siku.

Juni 2024, mgomo ulioanzia Kariakoo ulipofika huku na maduka ya katikati ya mji kufungwa, madai mengi yalihusu risiti, makadirio na usumbufu. Suala la mtandaoni halikusikika sana. Kwangu ni jambo moja. Afisa anayetakiwa kufikisha lengo la makusanyo, na wateja wa eneo lake nusu wameshahamia kwenye simu, atambana nani? Atawabana waliobaki. Kadiri maduka yanavyopungua ndivyo yanayobaki yanavyotembelewa mara nyingi zaidi. Mwaka fulani ofisi moja ilinikadiria mauzo kwa kuhesabu makasha yaliyopangwa juu ya shelfu. Mengi yalikuwa matupu. Tunayapanga ili duka lisionekane limekauka.

Rafiki zangu vijana wananiambia: mzee, na wewe hamia mtandaoni. Nipo. Nina ukurasa, nina lipa namba, kila asubuhi naweka bidhaa kwenye stetasi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025, pale Kigongo na Busisi, mzigo wangu unafika Sengerema na Geita bila kusubiri kivuko, na hilo limenisaidia kweli, sina maneno. Tatizo ni kwamba nikiingia mtandaoni naingia na mlango wangu mgongoni. Naposti televisheni kwa bei yenye pango, leseni, ushuru na VAT ndani yake, na chini yake mtu anaandika "mbona fulani anauza laki moja pungufu". Fulani hana hata kimoja cha hivyo. Na msidhani mtandao peke yake ni dawa ya biashara, maana Jumia, na ukubwa wake wote, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Jukwaa likifungwa, wamiliki wake wana nchi nyingine za kwenda. Duka la Mwanza likifungwa, fundi wake anakwenda kuendesha bodaboda, na ujuzi wa kubadilisha taa za nyuma ya kioo au kutafuta kapasita iliyokufa unaondoka naye.

Kwa hiyo nafikia maombi.

La kwanza nalipa uzito kuliko mengine. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA ilipozima simu feki. Mwananchi alibonyeza *#06#, akatuma namba ya IMEI kwenda 15090, akajibiwa simu yake ni ya kampuni gani na ya aina gani. Bibi wa Kwimba aliweza. Basi fanyeni hivyo kwa wauzaji. Kila anayeuza bidhaa mtandaoni kwa Mtanzania apewe namba ya usajili, iandikwe juu ya ukurasa wake, na mnunuzi aweze kuituma kwa ujumbe mfupi kabla hajatuma pesa na kujibiwa jina, mkoa, na kama namba bado iko hai. Kijana wa Buswelu aipate bure, kwa simu, bila kusafiri na bila kuulizwa hati ya fremu. Winga naye aipate. Programu ya nje isiyokuwa nayo isiruhusiwe kupokea malipo kupitia mitandao yetu ya simu na benki zetu. Hapo ndipo penye mlango wa kila mmoja, malipo, na funguo zake mnazo nyinyi.

Programu hizo ziwe na mahali pa kurejeshea bidhaa ndani ya nchi, na kwa Kanda ya Ziwa pawe hapa Mwanza. Wakitaka kuingia mkataba na maduka yaliyopo tuwapokelee bidhaa mbovu na kuzikagua, tupo tayari. Mimi binafsi ningeipokea kazi hiyo kesho. Kodi ya bidhaa zao ikatwe pale pale mteja anapolipa, isisubiri bahati ya forodhani.

Kwa Jiji na Hazina, mtafute namna ya kutazama faida badala ya mauzo kwa biashara zenye faida nyembamba, na ile kodi ya zuio ya pango mdaiane na wenye nyumba wenyewe. Majina yao yapo kwenye mikataba tunayowaletea kila mwaka.

Na vipuri. Bodi, taa za kioo, vioo vya simu, betri. Vikiingia kwa unafuu, fundi anamtengenezea mtu televisheni kwa elfu thelathini badala ya kumwambia anunue mpya. Mnasomesha vijana vyuo vya ufundi vya VETA kwa fedha za umma, wanatoka na ujuzi, halafu wanakuta bei ya kipuri inakaribia bei ya kitu kizima kilichokuja na kifurushi. Nyuma ya duka langu nina rundo la televisheni zilizokufa ambazo sijui nizipeleke wapi, na wenzangu wanayo marundo yao. Hilo linawahusu NEMC, Baraza la Mazingira, pia, ingawa sikuwataja juu.

Naomba majibu yenu kwa maandishi, kupitia afisa biashara wa Jiji. Natamani yafike mapema. Pango langu linaisha mwezi ujao, mwenye nyumba amepandisha, na miezi sita yake anaitaka kwa mkupuo. Lazima nimwambie kama naendelea na fremu, au nabeba meza ya fundi na mimi nahamia sebuleni.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la vifaa vya elektroniki,
Nyamagana, Mwanza.